Msiba wa Siku Moja

Sheria ile niliiandika kwa mkono wangu. Nilikuwa katibu wa kijiji chetu kipya cha ujamaa katika uwanda wa Kimwani, na mume wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Katika daftari la mikutano niliandika kwamba kuanzia siku ile, akifa mtu kijijini, watu watamzika na kukaa msibani siku hiyo moja tu, na kesho yake asubuhi kila mwenye nguvu atakwenda shambani. Kura zilipoombwa nilinyoosha mkono. Sikulazimishwa na mtu. Anayesoma haya akitegemea kwamba mahali fulani nitasema nililazimishwa, asinisubiri.

Tulikuwa tumetoka Bukoba mjini, ambako tulipanga vyumba viwili mtaa wa Bilele. Mimi nilifundisha darasa la kwanza. Yeye alikuwa karani mwenye hati nzuri ya mkono na kalamu mbili mfukoni. Uhuru ulipokuja tulikuwa bado wanafunzi, tukakua tukiamini kwamba nchi hii tutaijenga sisi, na Azimio lilipotangazwa yeye alilishika kuliko nilivyowahi kumwona akishika katekisimu. Wakati ule vibanja vya Buhaya, yale mashamba yetu ya migomba, vilikuwa vimekatwakatwa hadi ndugu wa tumbo moja wanagombania mgomba mmoja wa mpakani, na chini kule Kimwani ardhi ilikuwa imelala bila mtu. Chama kilipoita watu wa kuanzisha vijiji, angeweza kubaki ofisini na kupiga makofi kama wenzake. Yeye aliandika jina lake juu kabisa ya orodha. Nilimpenda kwa hilo, na hata leo siwezi kusema nilikosea kumpenda.

Tuliondoka kwa lori pamoja na familia nyingine sita. Tulipita Muleba asubuhi, kisha barabara ikaanza kushuka na migomba ikaanza kupungua. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikaa mapajani mwangu akihesabu ng'ombe wa njiani. Kila ng'ombe alikuwa "moja," kwa kuwa namba aliyoijua ilikuwa hiyo tu.

Mtu wa kwetu hukua ndani ya kivuli. Nyumba inakaa katikati ya migomba, kahawa chini ya migomba, makaburi ya wazee pembeni ya kahawa, na jirani unamsikia akikohoa kabla hujamwona. Kule Kimwani nyumba zilisimama kwenye mistari miwili, zikitazamana, na mbele na nyuma yake palikuwa na majani, jua na mbung'o. Asiye na migomba mlangoni hujiona kama ameketi katikati ya barabara. Tulisema tutazoea. Tulilima pamoja mahindi na pamba, na asubuhi tuliitwa kazini kwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, ikigongwa kwa nondo.

Sheria ya msiba ilikuwa na sababu yake. Mwaka wa kwanza, mvua zilipoanza tu, tulifiwa mara tatu mfululizo. Kwa desturi ya kwetu, maiti akishazikwa, watu hutandika majani sakafuni wakakaa chini na wafiwa, na majirani wote huweka majembe kando hadi siku nne zipite. Misiba mitatu ikala karibu nusu mwezi wetu. Tulipopanda, mvua ilikuwa imekwisha kuchoka, na mwaka ule tukala unga wa njano wa msaada. Mume wangu alisimama mkutanoni akauliza kama tuko tayari kuwazika watoto wetu kwa njaa kwa ajili ya kuwalilia wazee wetu kwa siku nne. Hakuna aliyekuwa tayari. Mikono ilinyooshwa, nikaihesabu, nikaandika.

Wa kwanza kukutwa na sheria hiyo alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, mama mmoja Mlutheri aliyekwisha kuota mvi. Mume wake, mtu mpole aliyetuchongea mipini ya majembe, alikufa kwa tumbo, tukamzika mchana nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba. Asubuhi yake rimu ikagongwa na yule mama hakutoka. Mume wangu akaniambia niende mimi, kwa kuwa mwanamke mwenzake atanielewa.

Nilimkuta ameketi sakafuni peke yake. Alikuwa amekata majani mwenyewe alfajiri na kuyatandika chumba kizima, kama vile watu wengi wangekuja kukaa. Mtoto wake mmoja aliyebaki alikuwa ameolewa mbali. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikamshika mkono, nikazungumza naye kwa upole kama nilivyozungumza na watoto wa darasa la kwanza siku yao ya kwanza. Nilimwambia kazi itamsaidia kusahau. Akanitazama kitambo, akainuka, akachukua jembe. Niliporudi mume wangu aliniuliza kama kulikuwa na ugumu wowote, nikamjibu hapana, na moyoni nilijisifu kwamba ninajua kusema na watu.

Mwaka wa pili, katikati ya palizi, binti yetu alipata homa. Zahanati ilikuwa mbali. Mume wangu alikwenda kwa baiskeli, akarudi na vidonge, mtoto akavitapika. Kesho yake tulimfunga mgongoni kwangu, nikaketi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, tukaanza safari. Njiani nilimsikia akiwa mzito. Mtoto aliyelala ana uzito wake, na ule haukuwa uzito huo. Sikusema kitu. Nilimwacha mume wangu aendelee kukanyaga pedeli, nikamwacha apande kilima kizima akihema, kwa sababu maadamu baiskeli ilikuwa inakwenda, tulikuwa bado watu wanaompeleka mtoto zahanati.

Tulimzika mchana uleule, karibu na yule mchonga mipini. Kijiji kizima kilikuja, na nadhani kila mtu alikuja pia kuona mwenyekiti atafanya nini. Mume wangu alisimama kando ya kaburi akawashukuru watu. Halafu, kwa sauti ileile aliyotumia mikutanoni, akawakumbusha kwamba palizi ya kesho itaanzia upande wa mtoni. Wanawake waliinamisha vichwa. Yule mama mjane peke yake aliketi chini kwenye udongo, akakaa hapo hadi mume wangu alipomwendea na kumwomba kwa adabu ainuke.

Asubuhi mume wangu aligonga rimu mwenyewe. Nilichukua jembe nikatoka. Watu walinipisha njia. Nililima mstari wangu, nikamaliza, nikaanza mwingine, na jioni watu walisema mwalimu ni mwanamke wa chuma. Sikuwa wa chuma. Sikuwa na kitu chochote ndani. Nilijisikia kama nyumba ambayo watu wamehama wakasahau kufunga mlango.

Kabla ya hapo watu wote waliniita kwa jina la mtoto, Mama fulani, kama ilivyo kawaida. Baada ya mazishi hawakujua tena waniiteje. Wengine waliniita Mwalimu, wengine waliacha kuniita kabisa, wakanisubiri nigeuke. Mume wangu alianza kuniita Ndugu Katibu. Mwanzoni alifanya hivyo mikutanoni, baadaye hata nyumbani, akiomba chumvi. Sikumlaumu. Nilielewa kwamba lile jina lingine lingemkata ulimi.

Miezi ikapita namna hiyo. Sikulia. Nilikuwa ninakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu. Nilikuwa ninaanza kuosha sufuria, kisha ninajikuta nimesimama, maji yamepoa, na sijui nimesimama kwa muda gani. Nilikuwa ninakasirikia vitu vidogo, kuni mbichi, kuku wa jirani, halafu hata hasira ikaniacha, na hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Ugonjwa wangu haukuwa na homa wala kidonda, kwa hiyo hakuna aliyeuona, nami mwenyewe sikujua kuwa ni ugonjwa. Nilidhani hivyo ndivyo nitakavyokuwa.

Alasiri nilifundisha kisomo cha watu wazima chini ya paa la ghala. Wanafunzi wangu walikuwa wazee na kina mama, wenye mikono migumu iliyozoea jembe, na walinitii kuliko watoto. Nikiandika neno ubaoni, walilisoma silabi kwa silabi, kisha wakaliunganisha kwa sauti. Siku moja, miezi saba baada ya mazishi, somo lilikuwa neno "pamba." Niligeukia ubao, nikaandika, nikageuka tena kuwatazama, nikaamuru wasome.

Wakasoma. Jina la binti yangu lilikuwa na silabi nne. Walizitamka moja moja, polepole, kwa juhudi, wakifuata fimbo yangu, na hawakutambua wanasoma nini mpaka walipoziunganisha. Waliliunganisha wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kama nilivyowafundisha. Nilitazama ubao nikaona nilichoandika. Nikainua fimbo nikawaambia warudie.

Hakuna aliyerudia. Yule mama mjane aliinuka kutoka safu ya nyuma. Hakufuta ubao, jambo ambalo ninamshukuru hadi leo. Alinipokonya fimbo taratibu, akaiegemeza ukutani, akanishika mkono, akanipeleka nyumbani kwake. Akaniketisha, naye akaketi. Tulikaa hivyo hadi mume wangu alipokuja kunichukua.

Wiki ileile alinipakia kwenye lori la pamba. Aliwaambia watu nimekwenda mapumziko. Hadi lori linaondoka hakuacha kunieleza kwamba hewa ya nyumbani itanifaa.

Mama yangu aliishi Kitendaguro, kwenye kibanja alichoachiwa na baba. Barua ya msiba ilikuwa imemfikia kwa kuchelewa, na alipotaka kuja alijibiwa na mume wangu kwamba kila kitu kimekwisha. Aliponiona ninashuka hakunikumbatia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza kama kuna mtu aliyetandika majani kwa ajili ya mtoto. Nikasema hapana. Akaingia ndani, akachukua mundu, akatoka.

Alikata majani alasiri nzima. Alitandika sakafu yote ya sebule, akatuma habari kwa majirani kwamba ana msiba wa mjukuu. Baba mdogo, ambaye tangu kifo cha baba ndiye aliyesimamia mambo ya ukoo, alikuja akiwa amekasirika.

"Msiba gani huu wa miezi saba?" aliuliza. "Watu watatucheka."

"Kwangu umefika leo, waitu," mama alimjibu kwa heshima. "Karibu ukae."

Baba mdogo alisimama mlangoni kidogo, akavua viatu, akakaa.

Kina mama walikuja na ndizi na maharage, Wakatoliki na Walutheri, wakipiga yowe kutoka njiani kama kawaida, wakimwita kwa jina mtoto ambaye wengi wao hawakumwona hata mara moja. Siku mbili nilikaa katikati yao nikiwa mkavu. Niliona haya. Nilihisi ninawapotezea muda watu wenye kazi zao, na masikioni nilisubiri rimu igongwe. Siku ya tatu mwanamke mmoja nisiyemfahamu vizuri, aliyekaa karibu nami akichambua mchicha, aliniuliza mtoto alipenda kula nini.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo lolote juu yake tangu alipokufa. Nilimjibu kwamba alipenda senene, lakini aliogopa kuwashika, kwa hiyo alifungua mdomo nimtilie, akifumba macho. Nikataka kuendelea kueleza namna alivyofumba macho. Nililia hadi nikatapika. Walinishika mabega, wakanifuta, wakaniacha niendelee, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilipona. Sikupona. Nilikuwa nimefunguka tu, na mtu aliyefunguka huumia kuliko aliyefungwa. Miezi mitano iliyofuata mama alinilea kama mzazi aliyejifungua. Alikuwa na utaratibu wake, na hakuueleza. Asubuhi sikuruhusiwa kutoka chumbani kabla sijanawa na kujipaka mafuta. Chakula nilikula pamoja na wengine, hata kama ni tonge moja. Kila siku alinipa kazi moja, siyo mbili: leo upete maharage, leo ukate majani makavu ya migomba ile ya juu, leo uanike kahawa. Na kila siku, kabla jua halijazama, nilipaswa kumtembelea mtu mmoja, nimsalimu, nirudi. Zilikuwepo siku nilizorudi kitandani adhuhuri nikageukia ukuta. Siku hizo aliniacha hadi alasiri, kisha akafungua mlango akaniambia maji ya kuoga yamechemka. Nilimchukia kwa yale maji. Niliinuka.

Siku moja tukimenya ndizi nilimwuliza amejifunza wapi haya. Alimenya nyingine mbili kabla ya kujibu.

"Nilizika wawili kabla yako," alisema. "Mama yangu alinifanyia hivihivi."

"Uliwasahau?"

"Hapana. Ningewasahau, ningekuwa mgonjwa zaidi."

Nilikuwa na umri wa karibu miaka thelathini, na ndiyo kwanza ninajua kwamba nilikuwa na ndugu wawili wakubwa, na kwamba wamelala hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, chini ya mibuni niliyoichuma tangu utoto.

Mume wangu alikuja kunichukua miezi hiyo mitano ilipokwisha. Alikuwa amekonda na nguo zimemlegea. Mama alimpikia, akamwomba akae hata siku moja tu, kwa ajili ya mtoto. Alikaa kwenye kiti, muda wa nusu saa hivi, akitazama saa yake. Mama alipotuacha peke yetu alianza kunieleza habari za pamba, kwamba mwaka huu imekubali. Nilimsubiri amalize.

"Ifute ile sheria," nilimwambia.

Akasema, "Nikiifuta leo, yule mama nitamwambia nini? Kwamba mume wake alistahili siku moja na mtoto wangu anastahili nne?"

"Mwambie tulikosea."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Alitazama mikono yake. Sauti ya mkutanoni ilimwacha, na aliyoyasema aliyasema polepole. "Nikikaa chini, mimi sitainuka."

Nilirudi naye. Ndugu zangu walishangaa, na mama hakufurahi, lakini alinifungia chumvi, maharage na kipande cha sabuni. Nilirudi kwa sababu alikuwa mume wangu, na kwa sababu kaburi lilikuwa kule, na kwa sababu kulikuwa na mtu niliyetakiwa kumpigia magoti.

Nilimwendea yule mama mjane siku ya pili. Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilipiga magoti nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa asubuhi ile niliyomwinua kutoka kwenye majani yake. Hakuacha kupukuchua.

"Mume wako angekuja kunifokea, ningemchukia nikapumzika," alisema. "Wewe ulikuja kwa upole. Ulinishika mkono. Nikajiona mimi ndiye mwenye kosa, kwa kulia."

Nilisema tena, nisamehe, mama.

"Sijui," alisema. "Labda. Jumapili ninakwenda kung'oa majani kaburini. Njoo na panga."

Hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuuliza tena. Lakini Jumapili ile, baada ya yeye kusali kwao na mimi kwetu, tulikutana kule nyuma ya mstari wa mwisho. Uwanda ule humeza kaburi kwa msimu mmoja. Tulifyeka, tukang'oa, tukaketi. Alinisimulia namna mume wake alivyokuwa akiunusa mti kabla ya kuuchonga. Nami nikamsimulia habari za ng'ombe wa njiani. Jumapili iliyofuata tulirudi. Baada ya muda akaja mwanamke mwingine aliyezika mama yake mwaka ule wa pili, na mwingine, na mwishowe tulikuwa tisa au kumi. Kila mmoja alisema habari moja ya mtu wake, wengine wakauliza maswali. Kamati ya kijiji iliambiwa kwamba wanawake wanafufua matanga. Mjumbe mmoja alikuja kutuuliza. Yule mama alimjibu kwamba leo ni Jumapili, kazi ya ujamaa haipo, na sisi tunafyeka nyasi kwa afya ya kijiji. Mjumbe aliondoka. Alikuwa amezika kaka yake pale, hatua tatu kutoka aliposimama.

Kwa hiyo niliweza kuishi. Sikuwa na furaha, ila niliweza kuchemsha maji nikajua ninachemsha maji, niliweza kufundisha neno nililokusudia. Utaratibu wa mama niliufuata hata kule: kunawa, tonge pamoja na wengine, kazi moja ninayoijua kwa jina, mtu mmoja wa kumsalimu. Siku mbaya hazikukoma. Zilikuja kama mgeni ninayemfahamu, nami nilijifunza kutomkabidhi nyumba nzima.

Mume wangu hakuja kule makaburini hata mara moja. Asubuhi moja rimu haikugongwa. Watu walisubiri milangoni na majembe. Nilirudi ndani nikamkuta bado amelala, macho wazi, ametazama paa. Alilala hivyo wiki tatu. Nilijaribu kumfanyia yote niliyofanyiwa. Maji ya kuoga aliyakubali. Tonge la pamoja alilikataa, kazi moja aliikataa, mtu wa kumsalimu alimkataa. Nilimtandikia majani sebuleni, nikakaa, nikamwita aje akae nami. Aliniomba niyaondoe. Hapo nilielewa kwamba dawa hii mtu hanyweshwi. Mimi nilibahatika tu kuinywa kabla sijajua ni dawa.

Chama kilileta mwenyekiti mwingine, ambaye hakuwahi kusoma lile daftari, na sheria ya siku moja ikafa bila mtu kuifuta. Watu wenyewe walianza kupungua, mmoja mmoja, wakirejea juu kwenye vibanja vyao vilivyobanana. Yule mama mjane alibaki. Alikufa miaka michache baadaye, na habari zikanifikia kwa barua nikiwa nimekwisha kurudi Bilele.

Mjini mume wangu alipata tena kazi ya ukarani, ndogo kuliko ile ya mwanzo. Alizaa nami wana wawili, akawalipia shule, akawahi kazini kila siku hadi alipostaafu. Jioni alikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo kidogo, bila kelele. Hakunipiga, hakunitukana. Wanetu walijua kwamba baba ni mtu wa heshima ambaye hacheki, na kwamba kuna dada yao aliyekufa ambaye habari zake huulizwa kwa mama peke yake. Mimi niliwaambia kila walichouliza. Niliishi na mtu aliyekuwa bado anakanyaga pedeli kupanda kile kilima, na hakuna nilichoweza kufanya ila kuketi nyuma yake.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikuwa mzee, na mimi nilimlisha. Alasiri moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda na bakuli la uji. Aligeuza kichwa.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza.

Sikumwuliza nani.

"Miaka miwili na miezi mitano," nilimwambia.

"Nilidhani alikuwa mkubwa kuliko hapo," alisema. "Miaka yote hii nilidhani alikuwa mkubwa."

Machozi yalimtoka pembeni ya macho, yakaingia masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Niliyafuta mimi. Akaniambia nimweleze. Nilianza na siku aliyozaliwa, pale pale Bilele, mvua ikinyesha, na yeye mwenyewe akizunguka nje ya wodi na mwavuli ambao alisahau kuufungua. Uji ulipoa. Nikaenda kuupasha, nikarudi, nikaendelea.